Cheti cha Bwana Shamba

Ukitaka kumuudhi Method Rweyongeza, mwite mlinzi wa magari. Hatakugombeza. Atakusahihisha kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, kwamba yeye ni bwana shamba, magari ni riziki tu. Na kweli alikuwa bwana shamba. Miaka kumi na mitatu alizunguka vijiji vya Bukoba kwa pikipiki ya serikali, akifundisha watu kupogoa kahawa na kupunguza machipukizi ya migomba, na wazee waliomzidi umri mara mbili walimpa kiti kwanza ndipo wakamuuliza habari. Siku hizi anakaa kwenye kibanda cha vioo chini ya hoteli moja ya Alexandria, Virginia, ghorofa mbili chini ya ardhi, mahali ambapo hata magugu hayaoti. Anabonyeza kitufe, kizuizi kinainuka, gari linapita, kizuizi kinashuka. Kwa saa nane. Hakuna anayemuuliza kitu isipokuwa choo kiko wapi.

Method ni Mhaya, na Wahaya tunawajua. Wenyewe wana neno lao, nshomile, msomi anayetaka na wewe ujue kwamba amesoma. Alikuwa na faili jeusi lenye mifuko ya plastiki ndani, na kila mfuko una cheti: cha ubatizo, cha kipaimara, cha darasa la saba, cha kidato cha nne, stashahada ya kilimo, cheti cha semina ya siku tatu ya chulebuni, ugonjwa wa kahawa, ambayo siku ya pili mvua ilinyesha watu wakalala. Usicheke. Hata cheti cha kuchangia damu kilikuwamo.

Lakini si majivuno matupu. Faili lile lilikuwa na kidonda ndani yake. Method alipopata kadi ya kijani ya kuishi Marekani kwa bahati nasibu, walitakiwa kuondoka wawili, yeye na binti yake Queen, mtoto wa miaka kumi na minne. Mama yake Queen alikuwa ameolewa kwingine na hakuwa na pingamizi. Kilichokosekana ni karatasi moja tu, cheti cha kuzaliwa. Queen alizaliwa nyumbani kwa bibi yake, na bibi aliona kumwandikisha mtoto ambaye kijiji kizima kilimsikia akilia ni kazi bure. Cheti kikatafutwa mbiombio, kikatoka siku nne baada ya tarehe ya mwisho ya visa. Siku nne! Method akapanda ndege peke yake, akamwacha binti kwa bibi, akamwambia, "Ndani ya mwaka mmoja nakuita."

Mwaka ukawa miwili, ikawa mitano. Ombi la kwanza alilomwandikia Queen likafungwa, kwa sababu barua ya kudai vielelezo zaidi ilitumwa kwenye anwani aliyokwisha kuhama. La pili likakaa kwenye foleni. Ndipo wakili mmoja aliyekuwa akitoa ushauri wa bure kanisani akamchorea jambo hilo kwenye karatasi. Ukiapa kuwa raia kabla binti hajatimiza miaka ishirini na mmoja, alimwambia, umri wake unasimama palepale na anakuja bila foleni. Akitimiza ishirini na mmoja wewe bado una kadi ya kijani, anahamishiwa foleni ya watu wazima, na hiyo ni miaka minane, tisa, hata zaidi. Queen anatimiza ishirini na mmoja mwezi wa nane. Method akaandika tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu ndani ya jalada la faili, akajaza fomu za uraia, akasubiri kuitwa kwenye usaili.

Kule Bukoba nako Queen alisubiri. Nafasi ya chuo cha ualimu aliipata akaiacha, kwa kuwa baba alisema atasomea Amerika. Mchumba alijitokeza, Queen akamrudisha kwao. Kila mtu mtaani alikuwa akimwita "Mmarekani", kwanza kwa wivu, baadaye kwa dhihaka. Binadamu hawana dogo.

Sasa tuje kwenye bangi, maana ndiyo iliyomla.

Method alipanga chumba cha chini katika nyumba ya Serah, muuguzi wa Kikuyu kutoka Limuru, mjane, raia wa Marekani siku nyingi, mwanamke wa maneno machache ambayo yote yanauma. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi kinachoteremka hadi kwenye kijito. Miti mirefu, kivuli, umande unaokaa mpaka saa nne asubuhi, na ikifika Septemba mvua za rasharasha zisizoisha. Method alipoiona sehemu ile mara ya kwanza alivuta pumzi. Hewa ilikuwa ya kwao, ya vuguvugu na majimaji, ile hewa ambayo nguo zinaanikwa siku mbili.

Ng'ambo ya uzio alikaa mzee Ethan, Mzungu mmoja fundi bomba mstaafu, vidole vimekunjamana kwa baridi yabisi. Tangu jimbo la Virginia liruhusu watu kupanda bangi nyumbani, Ethan alikuwa akipanda kila mwaka, na kila mwaka, mavuno yakibaki wiki mbili, maua yote yanaota ukungu wa kijivu na kuozea ndani kwa ndani. Method alikuwa akiyaona hayo dirishani mwa chumba cha kufulia. Alijizuia misimu miwili. Huyu ni mtu aliyewahi kushuka kwenye basi la safari ndefu ili akamwambie mkulima asiyemjua kwamba kahawa yake ina kutu ya majani. Kumtazama mzee akiua mimea kwa kutojua kulimuuma kama kumtazama mtu akimpiga mtoto.

Asubuhi moja uvumilivu ukamwishia, akaenda kwenye uzio.

"Samahani, mzee. Huo si ubaya wa mbegu. Ni hewa. Umebananisha mimea mno na unamwagilia jioni."

"Wewe unajua nini kuhusu bangi?" Ethan akauliza.

"Kuhusu bangi sijui kitu. Kuhusu ukungu, niulize."

Yule mzee akauliza. Ndio mwisho wa Method.

Msidhani aliingia kichwakichwa. Kwao bangi ni kesi, ni pingu, ni aibu ya ukoo. Kwanza alidai aione sheria. Ethan akamchapishia, naye akaisoma neno kwa neno mara tatu, akipigia mistari. Kila kaya mimea minne. Isionekane kutoka barabarani. Watoto wasiifikie. Na kila mmea ufungwe kibandiko chenye jina la mwenyewe, namba ya leseni yake ya udereva, na maneno kwamba ni kwa matumizi binafsi. Hapo ndipo Method aliporidhika. Alijua serikali ni nini, maana aliitumikia. Serikali ikikuambia andika jina lako kwenye mmea, mmea huo imekukabidhi. Hakuna aliyemwambia kwamba nchi hii ina serikali mbili, ya jimbo na ya taifa zima, zinazokaa nyumba moja na hazisemeshani, na kwamba ile ya taifa haijawahi kuikubali bangi hata siku moja.

Akamwomba Serah ruhusa. Serah alimtazama kutoka unyayo mpaka utosi.

"Na wewe unavuta hii kitu?"

"Sivuti, dada."

"Unauza?"

"Siuzi."

"Sasa ni ya nini? Anyway, ni backyard, fanya. Lakini watu wa fellowship wakijua, mimi sikujui. Na harufu ikiingia kwa jikoni yangu, utaing'oa yote."

Akapanda. Mbegu za Ethan zilikuwa za aina mbili. Moja ilikuwa fupi, nene, maua yameshonana kama kabichi, asili yake milima mikavu. Maji yakiingia katikati ya ua hayatoki, linaoza. Nyingine ilikuwa ndefu na nyembamba, ya nchi za joto, maua yake mepesi yanapitisha upepo, ila inachelewa kukomaa mpaka baridi inaikuta shambani. Kila moja peke yake ilikuwa haifai kwa pale. Method akafanya alichofundishwa chuoni kuhusu mahindi: akatafuta chotara. Alichukua chavua ya dume refu kwa brashi ya rangi, akaipaka kwenye jike fupi, akafunga tawi kwa mfuko wa karatasi. Mbegu zilizopatikana akazipanda mwaka uliofuata, nne kwake, nne kwa Ethan, akatupa mimea yote isipokuwa mmoja, akauzalisha tena. Mwaka wa tatu akapata alichokitaka, mmea unaowahi kama mama na wenye maua yaliyoachana kama baba.

Halafu kazi. Kila siku kabla ya zamu alishuka na koti la mvua akatikisa umande tawi moja baada ya jingine, kwa ncha za vidole. Majani ya chini aliyaondoa upepo upite. Juu alitandaza paa la nailoni, pembeni kote wazi. Maji asubuhi tu, na shinani tu. Ua likionyesha doa la kahawia alilikata mbali chini ya doa, akalitia mfukoni, akaenda kulitupa mbali, akanawa mikono na mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa jingine. Na aliandika daftari: mvua, joto, ukungu, wadudu. Septemba ile ilinyesha siku kumi na moja mfululizo. Kwa Ethan iliharibika mimea miwili. Kwa Method haukuharibika hata mmoja.

Hakuvuta hata pafu moja. Mavuno yote alimpa Ethan kwa ajili ya vidole vyake. Alichovuna yeye ni kitu kingine, na nitakisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakukisema: watu walianza kumuuliza tena. Marafiki wa Ethan walikuja kwenye uzio, wastaafu wenye kofia, wakimwita Profesa, wakishika majani ya mimea yao iliyougua. Mmoja alimletea kiti. Baada ya miaka sita ya kuonyesha watu choo, mtu alimletea kiti! Wewe ungeacha?

Aina ile ilihitaji jina. Akaiita Queen.

Mwezi wa kumi na moja Ethan akampeleka kwenye maonyesho ya wakulima wa nyumbani, katika ukumbi mdogo wa kukodi. Waamuzi wakanusa, wakapasua maua kwa kisu, wakatazama kwa lenzi, wakauliza maswali, na Method akajibu yote. Akashinda. Wakampa cheti kinene chenye muhuri wa dhahabu na jani limechorwa pembeni: Nafasi ya Kwanza, Kilimo cha Nje, Hali ya Hewa yenye Unyevu. Aina: Queen. Mkulima: Method Rweyongeza. Ndicho cheti cha kwanza Marekani kumpa. Ukutani hakikuwezekana, watu wa fellowship ya Serah, wanaokuja kusali pale nyumbani, wangekiona. Cheti kisichokaa ukutani kinakaa wapi? Kikaingia kwenye faili, mfuko wa mwisho.

Barua ya usaili ikaja mwezi wa pili, tarehe ya mwezi wa tatu. Asubuhi ya siku yenyewe Serah, aliyejitolea kumpeleka kwa gari, alimkuta sebuleni amevaa suti, faili limejaa kwapani.

"Method, hiyo ni nini? Unaenda kuuza Biblia?"

"Ni vielelezo."

"Barua imeitisha green card, passport, leseni na taxes. Na za mtoto. Beba hizo tu. Hawa watu ukiwaonyesha mengi wanaanza kutafuta."

"Dada Serah," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani, "mimi karatasi moja ilininyang'anya mtoto. Sitaingia tena mbele ya afisa nikaambiwa kuna karatasi imepungua."

Serah akaguna. Akachukua funguo.

Afisa alikuwa msichana wa miaka kama thelathini, mpole, nywele kazifunga nyuma. Akamwapisha kusema kweli. Maswali ya historia, sita kwa sita. Kusoma, kuandika, safi. Kisha maswali ya tabia, harakaharaka: umewahi kufungwa, umewahi kukwepa kodi, umewahi kulima, kuuza au kusafirisha dawa za kulevya? Hapana, hapana, hapana. Hakusema uongo. Kichwani mwake dawa za kulevya ni unga, ni vijana wanaolala vichochoroni. Ule wa nyuma ya nyumba ulikuwa mmea wenye jina lake na namba ya leseni.

"Una mtoto mmoja," afisa akasema. "Queen. Unacho cheti chake cha kuzaliwa?"

Miaka sita alikuwa akilisubiri swali hilo. Akafungua faili, akalisukuma mezani lote, wazi, kama mtu anayekaribisha mgeni chakula. Afisa akakiona cheti cha kuzaliwa, akaitikia kwa kichwa kuridhika, na badala ya kulifunga faili akaendelea kufunua. Labda alivutiwa. Labda alitaka kumfurahisha mzee wa watu. Chulebuni, akafunua. Damu, akafunua. Mfuko wa mwisho, akasimama.

"Hiki ni cha nini?"

Method angeweza kusema ni cha maua. Angeweza kusema ni cha jirani. Angeweza kusema hata ni cha nyanya. Lakini alikuwa ameapa kusema kweli, na zaidi ya kiapo, ewe Mola, alikuwa ameulizwa swali la kilimo na mtu wa serikali.

"Ni cha kilimo, mama. Kanabisi. Chotara. Tatizo la hapa kwetu ni unyevu."

"Uliilima wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, kwa mikono hii."

Na akaeleza. Alieleza ukungu wa kijivu unavyoingia kupitia kikonyo kilichojeruhiwa. Alieleza chavua na mfuko wa karatasi. Alieleza umande. Afisa alikuwa akichapa kwenye kompyuta, na kadiri alivyochapa ndivyo Method alivyopunguza mwendo ili asimpite, kama alivyokuwa akifanya kwenye semina. Akamwambia miaka, akamwambia idadi ya mimea.

"Na hii Queen?" afisa akauliza, kidole kikiwa juu ya cheti. "Jina la mmea?"

"Ni jina la binti yangu," Method akasema akitabasamu. "Huyuhuyu."

Mikono ya yule msichana ikasimama.

"Bwana Rweyongeza, ungependa tusimame hapa, urudi siku nyingine na wakili?"

"Wakili wa nini?" akacheka. "Mimi sina kesi."

Basi akampa karatasi aandike maelezo kwa mkono wake. Method akaandika ukurasa na nusu, mwandiko umelala vizuri, na vichwa vya habari kama ripoti ya wilaya: Utangulizi, Mbinu, Matokeo. Akatia sahihi. Akaandika tarehe.

Alitoka akipiga mluzi. Kwenye gari alimwambia Serah, "Dada, yule amenisikiliza. Dakika ishirini nzima."

"Alikuwa anasikiliza nini?"

Akamwambia. Serah alikuwa amekwisha kuwasha gari. Akalizima.

"Ngai. Method. Uliwaambia?"

"Waliuliza."

"Si ungenyamaza! Ulitoa na certificate? Hii kitu ni ya federal, hawajali Virginia imesema nini! Nurse wote wanajua, kama huna citizenship hata usiiguse, hata usiitaje!"

"Mimi sikujua."

"Kila mtu anajua!"

"Nani aliniambia?" Method akauliza, na kwa mara ya kwanza sauti ikapanda. "Nani? Wewe uliniambia nisiwaambie watu wa kanisa. Nikaficha. Waliokuwa wanajua wote niliwaficha. Nani angeniambia?"

Serah akaweka mikono kwenye usukani. "Nilidhani kitu ya kufichwa unajua ni ya kufichwa," akasema polepole. "Nilidhani huwezi kuwa mjinga hivyo." Kisha akalia, kitu ambacho Method hakuwahi kumwona akifanya, na hilo ndilo lililomtia hofu kuliko maneno yote.

Barua ya kukataliwa ilikuja mwezi wa tano. Ilinukuu ripoti yake mwenyewe, kichwa kwa kichwa. Yule wakili wa kanisani aliisoma akavua miwani. Kwa maelezo haya, akasema, hesabu miaka mitano ndipo ujaribu tena, na hata hapo sikuahidi. Method akauliza kama basi angalau anaweza kwenda Bukoba kumwona binti yake, maana alikuwa ameshaweka likizo. Wakili akatikisa kichwa. Usitoke. Ukitoka wanaweza kukuzuia uwanja wa ndege ukirudi, na kadi ya kijani nayo ikaenda. Huwezi kumleta, na huwezi kumfuata.

Ethan aliposikia alisimama barazani, sigara ya bangi mkononi, akirudia neno moja. "Lakini ni halali. Lakini ni halali!" Alikuwa amezaliwa raia, atakufa raia, na hakuna ofisi itakayomuuliza anavuta nini. Method alimchukia. Si kwa muda mrefu, lakini alimchukia kwa moyo wote. Akamletea miche minne iliyokuwa dirishani, akaipitisha juu ya uzio pamoja na daftari.

"Bila wewe itaoza," Ethan akasema.

"Ioze."

Ikabaki kumwambia Queen. Aliahirisha wiki tatu. Mwishowe, Jumapili baada ya misa, akaketi kwenye ngazi za nyuma akapiga. Kule ilikuwa jioni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Umepata tarehe ya kuapa?"

Akamwambia. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akaeleza serikali mbili, akaeleza kibandiko, akaeleza cheti. Queen hakumkatiza. Alipomaliza, kuku walisikika kwa mbali.

"Ulikuwa unavuta, baba?"

"Hapana, mwanangu. Hata siku moja."

"Ulikuwa unauza?"

"Hapana."

"Sasa ulikuwa unalima ya nini?"

Angemwambia nini? Kwamba mtu alimletea kiti? "Ilikuwa inaugua," akasema. "Hakuna aliyekuwa anajua kuitibu."

Queen akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Baba, nikuambie kitu? Bibi alikataza tusikuambie, alisema una mambo ya uraia, usisumbuliwe. Kibanja cha migomba kimekwisha. Mnyauko. Ulianza kwa jirani mwaka juzi, ukaja kwetu, tukawa hatujui tufanye nini. Bwana shamba wa kata tulimwita, akaja mara moja. Mwezi wa pili tumekata migomba yote, mpaka ile ya babu. Tunanunua ndizi sokoni, baba. Sisi."

Method alisimama kwenye ngazi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapapasa mfukoni, unatafuta kalamu.

"Yale majani," akasema haraka, "yalianza kunyauka ya katikati au ya pembeni? Na mlipokata, usaha ulikuwa wa njano? Panga mlilisafisha kwa moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine? Queen? Panga mlili—"

"Baba."

"Niambie tu kuhusu panga."

"Baba, mimi nimesubiri miaka saba. Nimeacha chuo. Nimeacha mtu." Sauti yake haikuwa na hasira, na afadhali ingekuwa nayo. "Mgomba hata mmoja haupo. Hakuna cha kuuliza. Usinipigie wiki hii."

"Queen, mwanangu, ngoja kidogo."

Hakungoja. Si mtandao uliokatika, alikata mwenyewe. Method alibaki na simu sikioni, akisema "haloo, haloo", mpaka Serah akatoka jikoni akamshika mkono akaishusha.